Mfereji Hauishii Kwenye Karatasi

Cheyo, Tabora
Usiku wa kuamkia safari yako

Kabula mwanangu,

Mkono unaniuma tangu nilipokupiga lile kofi, kwa hiyo najua shavu lako nalo linauma. Umri wako ni wa mtu mwenye watoto wake, na mimi nimekupiga mbele ya baba yako na mbele ya jirani aliyekuja kukuletea karanga za safari. Ukaingia chumbani, ukafunga mlango, chakula hukula. Sikuja kugonga. Mimi nikigonga mlango nina hasira huwa naung'oa, baba yako ni shahidi.

Sitakuandikia habari za kufunga sanduku wala za kujihadhari na wezi wa kwenye treni. Hayo unayajua, na usiyoyajua utayajua ukishaibiwa. Naandika kwa sababu kusema siwezi. Nikianza kusema sauti inapanda, na sauti ikipanda mkono nao hauchelewi. Mwalimu wa kisomo aliyetufundisha sisi watu wazima alikuwa akisema mwandiko wangu unalima karatasi badala ya kuiandika. Basi vumilia, ndivyo ninavyoshika kalamu.

Chanzo ni ile ramani. Uliitandaza mezani, karakana mpya ya mabasi ya Dar es Salaam, ile ambayo ofisi yenu imepewa kuichora na wewe umeitwa ukasaidie. Mimi niliyeosha mabasi mpaka kucha zikawa nyeusi, nilisimama juu ya ile ramani nikajiona mtu mkubwa. Ukanionyesha ofisi, stoo ya vipuri, mashimo ya mafundi kuingia chini ya magari, na sakafu ya kuoshea. Nikakuuliza maji yakishaosha yanakwenda wapi. Ukanionyesha mstari wa buluu. Nikaufuata kwa kidole, ukapita chini ya ukuta, ukafika ukingoni mwa karatasi, ukaishia hapo. Nikauliza, na hapa je? Ukasema hapo ni nje ya mradi. Nikauliza huko nje kuna nini. Ukacheka kidogo, ukasema, "Mama, sijui. Mimi nachora tu."

Ndipo nikakupiga.

Wewe ulidhani umesema neno jepesi. Mimi nililisikia likitoka kinywani mwako nikajua ni langu, maana nililisema miaka mingi nyuma kwa mtu niliyempenda, na mimi nilisema, "Mimi naosha tu." Yaliyofuata hukuyaona, ulikuwa kwa bibi yako, kijijini Lusu. Ulikuwa ukiuliza mbona tulikupeleka Lusu ukakaa kule msimu mzima, na mimi nilikuwa nikikujibu kwamba bibi alikuwa mpweke. Bibi yako hakuwa mpweke hata kidogo, alikuwa na wajukuu mpaka anawasahau majina. Tulikupeleka kwa sababu hapa mjini tulikuwa tunauana.

Karakana ya kwanza ilikuwa uani kwa tajiri mmoja wa Kihindi, pale mjini. Baada ya Azimio la Arusha mabasi yakawa mali ya umma, na ule ua ukawa mdogo. Wakatafuta kiwanja kipya, wakakipata kule juu ya bonde, mahali penye mteremko mzuri. Nakumbuka meneja wa wakati ule alivyotusimamisha sote, mafundi na sisi wanawake wa kuosha, akatuonyesha mteremko kwa fimbo yake, akasema hapa hatuhitaji kuchimba shimo la taka, uchafu utajiondokea wenyewe. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu.

Na kweli ulijiondokea. Mafundi walisafisha vyuma kwa petroli na dizeli, wakaimwaga mferejini. Oili chafu ikitolewa kwenye injini, mferejini. Sisi tukaja na madebe ya maji na sabuni, tukasukuma vyote kwa mafagio, na sakafu ikang'aa. Kulikuwa na mashindano ya basi safi, na basi langu la njia ya Nzega lilishinda mara nyingi hata wenzangu wakaninunia. Baba yako alikuwa fundi wa breki hapo hapo. Tulikuwa vijana, tuna mshahara, tunajenga taifa, na nchi ilikuwa yetu. Nani angeinama kuangalia mfereji unakokwenda?

Ulikwenda kwa Mwanaidi.

Mwanaidi unamjua kwa jina la Bi Mwanaidi wa Bondeni, yule mama mwenye mkono uliopinda ambaye nikimwona njiani navuka upande wa pili. Nilikufundisha umwamkie shikamoo, na wewe ukaniuliza mbona mimi simwamkii. Sasa nakueleza. Mwanaidi ni Mzaramo. Babu yake alikuja na misafara ya zamani kutoka pwani, akaoa hapa, akafia hapa. Na sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu wazee wetu walipokuwa wanabeba pembe mpaka pwani na kulala kwao. Mtani akikutukana unacheka. Akichukua kuku wako unamwachia. Akija msibani kwako anafanya mambo ambayo mtu mwingine angeyafanya angetolewa meno. Mama yangu alipokufa, Mwanaidi alivaa kanga za marehemu, akashika mkongojo wake, akatembea uani akikohoa kama yeye na kutugombeza kama yeye. Tulicheka huku machozi yanatiririka. Siku ile nilimpenda kuliko ndugu zangu wa damu.

Alikuwa analima mpunga na mchicha chini ya karakana, na visima vyao vilikuwa huko huko, vifupi, vya kuchota kwa kata. Masika ya kwanza baada ya sisi kuhamia, alikuja getini na debe kichwani. Mimi nilikuwa nimemaliza kuosha basi langu. Akalitua debe, akasema nyinyi wapagazi mmezoea kubeba mizigo ya watu, leo nimewaletea wenu, akalimwagia basi maji yale kuanzia kwenye kioo. Yalikuwa meusi, yana ngozi ya mafuta juu, na ndani yalikuwa na miche ya mpunga iliyokufa. Tulicheka mpaka mafundi wakatoka chini ya magari kuja kuona. Nami kwa kuwa mtani halazi deni, jioni yake nilikwenda kwake na chupa ya oili chafu nikaimwaga kizingitini, nikamwambia nimekuletea mafuta ya kukaangia. Watu wakacheka tena. Yeye alicheka kidogo, akaniuliza kwa sauti ya chini kama siwezi kuwaambia wakubwa wangu. Ndipo nikamjibu, "Mimi naosha tu, mtani."

Unaona lilipokuja neno lako.

Hakukaa kimya, usifikiri. Alikwenda kwa balozi wa nyumba kumi, balozi akampeleka kwa meneja, na meneja akamwambia mafuta hukaa juu ya maji, kwa hiyo achote chini. Alirudi na jibu hilo bondeni. Kiangazi kilipofika maji ya visima yakapungua, ngozi ya mafuta ikawa nene, na siku moja tukiwa tunakula akaja akachota tope la mferejini kwa mkono, akalitia katikati ya ugali wetu. Akasema kuleni, ndiyo mboga mnayotulisha. Tukacheka. Nikamtoza jogoo kwa kuharibu chakula, nikamkamata mwenyewe uani kwake, nikamchinja. Mwanaidi alisimama mlangoni akinitazama ninavyomnyonyoa jogoo wake, na mimi nilikuwa naimba.

Mzaha mzaha hutumbua usaha. Methali hii naijua tangu utotoni na haikunisaidia. Angekuja mtu baki akanimwagia maji machafu kwenye basi, ningempiga, halafu ningejiuliza kwa nini amefanya hivyo. Kwa sababu alikuja mtani, sikujiuliza. Kila alichosema nilikipokea kama utani na kukirudisha kama utani, na yeye hakuwa na lugha nyingine ya kusema na mimi.

Mwisho wa kiangazi kile akafa baba yangu mdogo, aliyenilea. Alikuwa na koti la kijivu ambalo halivui hata jua la saa sita, na tulilitundika ukumbini makusudi, tukimsubiri Mwanaidi aje alivae. Alikuja. Akapita mbele ya koti, akatoa pole kama mtu yeyote, akakaa mkekani na wanawake wengine. Hakusema kitu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mimi nilikuwa na machozi na nilitaka kuchekeshwa. Nikamwendea na koti, nikamvalisha begani kwa nguvu. Akalivua. Nikamvalisha tena, nikamvuta na kanga. Akainuka, akachukua upawa wa chuma uliokuwa kwenye sufuria la wali, akanipiga nao usoni.

Hakunipiga mara moja. Alinipiga mpaka nikaanguka, akanikalia kifuani, akaendelea, na damu yangu iliingia kwenye wali wa matanga. Wanawake walishindwa kumtoa. Wazee walitoka kule walikokuwa wamekaa wakasimama mikono imewakufa, maana hawakuwahi kuona mtani anampiga mtani kwa hasira, tena msibani. Alipochoka akasema, bila kupiga kelele, "Nimekutania mara mbili, ukacheka. Leo sikutanii." Akautupa upawa akaondoka.

Sasa sikiliza aina ya mama uliyenaye. Uso umevimba, jicho moja limefunga, nikalala usiku ule nikiwaza si alichosema bali nitakachomfanyia.

Asubuhi sikuhitaji kumtafuta. Walikuja wote wa bondeni, wanaume kwa wanawake, na mapanga na majembe na vijinga vya moto. Sisi wa karakana tulikuwa tumeshafika kazini. Meneja alijifungia ofisini. Mafundi walichukua spana na minyororo, mimi nikachukua mtaimbo wa kung'olea matairi. Niliosha basi langu alfajiri ile kama kawaida, na hata leo sijui kwa nini.

Watu wanaosimulia vita husema haikujulikana nani alifanya nini. Mimi najua nilichofanya. Nilipita katikati ya watu nikimtafuta mmoja. Alikuwa na jembe, na alikuwa ananitafuta mimi. Aliinua jembe, mimi nikapiga kwanza, chini ya kiwiko. Nilisikia mfupa ukivunjika na nilifurahi. Nakuandikia hili kwa sababu hakuna atakayekuambia: furaha hiyo ipo, ni tamu, na mtu anayeionja mara moja huijua njia ya kuirudia. Nilikuwa nimeinua mtaimbo kwa mara ya pili, na safari hii nililenga kichwa, niliposikia moto.

Kijinga kimoja kilikuwa kimeanguka mferejini. Bondeni wanasema kilirushwa na mtu wa karakana, karakana wanasema kilirushwa na mtu wa bondeni. Mimi sikuona. Niliona moto unashika petroli, halafu unaondoka. Haukupanda kwetu. Ulifuata mfereji, ukapita chini ya ua, ukashuka mteremko wote aliotuonyesha meneja kwa fimbo yake, ukipinda pale mfereji ulipopinda, mpaka visimani, mpaka kwenye mabua makavu ya mpunga, mpaka kwenye nyasi za mapaa. Watu wote waliacha kupigana wakasimama kuutazama. Hakuna aliyekuwa amewahi kuona njia ya uchafu wetu kutoka mwanzo hadi mwisho, na sasa iliwaka mchana kweupe kila mtu akaiona. Mwisho wake ulikuwa nyumba ya Mwanaidi.

Mama yake alikuwa ndani, kipofu, hatembei. Mwanaidi alikimbia na mkono wake unaning'inia, lakini baba yako alimpita. Umekua ukiiona mikono ya baba yako ilivyo, na tulikuambia ni maji ya rejeta. Hapana. Aliingia mle ndani akamtoa yule bibi akiwa anawaka, akamzima kwa mikono. Tukampakia kwenye basi langu kumkimbiza hospitali ya Kitete. Alifia njiani, kwenye kiti cha tatu, ndani ya basi nililoliosha mwenyewe asubuhi. Baba yako alikuwa amekaa sakafuni kando yake, hawezi kushika kitu.

Baada ya hapo nilifanya kosa ambalo kwangu linapita mkono uliovunjika. Mama wa mtani wangu amekufa. Kwa desturi yetu ilinipasa niende, nivae kanga za yule bibi, nipapase ukuta kama kipofu, niwachekeshe waliofiwa. Wazee wa pande zote mbili walinitumia ujumbe kwamba nisipokwenda, utani wetu umekufa. Nilivaa, nikafika mlangoni mwangu, nikarudi ndani. Mimi niliyeingia katikati ya mapanga na mtaimbo mmoja, niliogopa matanga. Nilijilaza kitandani nikajifunika. Labda wangeniua. Labda Mwanaidi angecheka. Sitajua, na hakuna siku inayopita bila mimi kufika tena mlangoni mwangu.

Kesi ikaja. Watu kadhaa wa bondeni walifungwa kwa kushambulia mali ya umma. Mimi nilipongezwa. Usicheke. Waliitisha mkutano, wakaniita mbele, wakasema huyu ndiye mama shujaa aliyelinda mabasi ya wananchi, wakanipa kitenge. Mwanaidi alikuwa amekaa nyuma kabisa, mkono umefungwa plasta, na makofi yakapigwa. Kitenge kile nilikitia kwenye jiko nilipofika nyumbani, na moshi wake ulinitoa machozi kuliko mkutano.

Meneja akahamishwa, akaja mwingine, na karakana ikawa inajengwa upya maana nusu ya ua na mabanda ilikuwa imebomolewa siku ya mapigano. Mkoa ukamleta kijana wa ramani, mpole, anayejua kazi yake. Akapima, akachora, na mfereji akauchora ukielekea pale pale. Nilimshika mkono nikamvuta. Nilimwambia twende tukaone, nikamtembeza juu ya ule mstari mweusi wa majani yaliyoungua, tangu sakafu ya kuoshea hadi mlangoni kwa Mwanaidi, aliyekuwa anaishi chini ya maturubai. Mwanaidi hakunitazama. Alisema na kijana, na mimi nikasimama kando kama mti.

Kijana alirudi akachora upya, na ile ndiyo karakana uliyokulia ukiiona bila kuijua. Sakafu ya kuoshea inateremka kwenda ndani, haiteremki kwenda nje. Maji yanaingia kisima cha kwanza, tope linatua. Yanaingia cha pili, mafuta yanapanda juu, na bomba lenye kiwiko linachota maji kutoka chini, kama alivyosema yule meneja mjinga, isipokuwa sasa tunachota sisi kabla hayajafika kwa watu. Cha tatu ni changarawe, mchanga na mkaa, halafu matete na migomba. Maji mengi tunayarudisha kwenye madebe na kuoshea tena. Paa kubwa lote linakusanya mvua kwenye tangi, na kileleni limeachwa wazi ili moshi wa magari utoke mafundi wasikohoe. Oili chafu inakaa kwenye mapipa, na vijiji vya Ujamaa vinakuja kuichukua kupaka nguzo za nyumba zisiliwe na mchwa. Yote hayo kijana aliyajua shuleni kwake, na alifurahi kupata mahali pa kuyaweka.

Lakini kitu kimoja hakukisoma shuleni. Mwanaidi alimwambia, "Lango la mwisho liwe upande wetu, na ufunguo nikae nao mimi." Alitaka pale maji yanapotoka nje ya ua kuwe na bamba la chuma la kupandisha na kushusha, lenye kufuli. Yakitoka machafu, wa bondeni washushe bamba, maji yaturudie wenyewe. Meneja mpya alikataa katakata. Alisema mali ya umma haifungwi na kufuli la mtu binafsi. Wanawake wa bondeni wakaja wakakaa mferejini, bomba lisipite. Walikaa humo kwa zamu, na watoto, na sufuria.

Siku moja nikashuka na birika la chai. Mwanaidi alilichukua, akaimwaga yote chini, akanirudishia birika. Nikakaa hivyo hivyo, mwisho wa mstari, mbali naye. Jioni nilipokuwa narudi, wenzangu wa karakana walinisubiri nyuma ya stoo. Walioniita shujaa ndio walionipiga. Jino langu hili la mbele halikuvunjwa na ngazi ya basi kama nilivyokudanganya. Baba yako alikuwa ndani ya stoo, mikono bado imefungwa bandeji, akasikia kelele zangu na hakuweza kufungua mlango. Kesho yake nilikwenda kukaa mferejini tena, na safari hii sikupeleka chai.

Lango likajengwa. Ufunguo anao yeye hadi leo. Alilishusha mara ya kwanza tulipopuuza kusafisha kisima cha pili. Maji yalirudi, yakajaa sakafu, yakaingia mashimo ya mafundi, na meneja alisimama ofisini kwake katika uchafu wetu unaofika kwenye vifundo vya miguu. Mabasi hayakutoka. Alipiga simu polisi, polisi wakaja, wakatazama, wakamwambia asafishe kisima chake. Tangu hapo hatusubiri kuambiwa. Kwa hiyo Kabula, mchanga ni mzuri na matete ni mazuri, nimeyaona yakifanya kazi. Lakini kilichotufanya tuwe watu ni lile bamba. Sijaona mwenye karakana anayesafisha kwa sababu ya moyo mwema peke yake, na mimi nilikuwa na moyo mwema sana.

Mwanaidi hajanitania tena. Tunakutana sokoni, tunapishana. Wajukuu wake wanatania na watoto wa jirani zetu kama kawaida, na mimi husimama nikisikiliza. Siku nikifa, wewe utakuwa mbali na hutajua, lakini watu watakaa mkekani watoe pole wale wali waondoke. Hakuna atakayevaa kanga zangu akatembea uani akigombeza watu. Nimelia kwa hilo kuliko kwa jino.

Kofi nisamehe. Mtu mzima hapigwi, na mimi nimepigwa vya kutosha kujua kwamba kipigo hakifundishi mtu chochote isipokuwa kupiga. Sikuombi uache kazi wala ugombane na wakubwa wako siku ya kwanza. Nenda ukavae viatu vyako vya kazi, utoke nje ya ule ukuta, ushuke hadi mahali palipo na mtu anachota maji, umwulize jina lake. Ukishalijua jina lake hutaweza kusema unachora tu. Wakubwa wako watakuambia hapo ni nje ya mradi. Waambie wewe umezaliwa hapo.

Na kama hutafanya hivyo, ni maisha yako, nitakupenda hivyo hivyo, nitawaambia majirani mwanangu ni mkubwa Dar es Salaam. Ila ujue jambo moja mapema. Siku watu wa huko chini watakapopanda na mapanga kuja kwenye karakana yako, usinitafute ndani ya ukuta. Nitakuwa nje pamoja nao, na mtaimbo ninao bado.

Mama yako anayekupenda,
Nyamizi